Ufunguo ni Amana: Askari Magereza katika Fiqhi na katika Historia ya Morogoro

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, Maswahaba zake na wote wanaofuata uongofu wake mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu msomaji, kwa watu wa Morogoro magereza si jambo la kusikia kwa mbali. Ndani ya mkoa huu kuna Kingolwira, Wami, Mtego wa Simba, Mbigiri, Kiberege na Idete. Wakazi wa mjini na wa vijiji vilivyo chini ya milima ya Uluguru wamezoea kuona wafungwa wakienda shambani na askari nyuma yao. Askari hao ni watoto wetu. Wamesoma madrasa zetu, wanaswali katika safu zetu, na siku ya Idi hukaa nasi.

Kijana wa namna hiyo anapopata ajira, akaenda mafunzoni na kurudi na sare, mara nyingi huja swali ambalo imamu hulipata baada ya swala, watu wakiwa wametawanyika: "Sheikh, mshahara wangu ni halali?" Majibu mawili ya haraka yamezoeleka. Wapo wanaosema kazi ni kazi, mtu afuate amri na mambo mengine amwachie mkubwa wake. Wapo wanaosema anayeshika ufunguo wa jela ni msaidizi wa madhalimu na hana kheri. Majibu yote mawili yanawaruka wanachuoni wetu, ambao walilizungumza jambo hili kwa karne nyingi na kumtaja mlinzi wa jela kwa cheo chake. Katika makala hii tutaangalia waliyoyasema, kisha tuyaweke mbele ya historia ya Morogoro yenyewe, ili kijana yule apate jibu analoweza kwenda nalo kazini.

Kifungo zama za Mtume (S.A.W.) na Makhalifa

Zama za Mtume (S.A.W.) hapakuwa na jengo maalumu la jela. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Thumama bin Uthal, mkubwa wa Bani Hanifa, alipokamatwa alifungwa kwenye nguzo ya msikiti wa Madina. Kila siku Mtume (S.A.W.) alimwendea na kumuuliza hali na habari yake. Siku ya tatu akaamuru afunguliwe. Thumama akaenda kuoga, akarudi, akashahadia. Aliwekwa mahali ambapo aliiona swala, akasikia Qur-an na akashuhudia namna Waislamu wanavyoishi. Kifungo chake kilimzuia asiondoke, lakini hakikumtenga na kheri.

Katika Sahih Muslim ipo pia habari iliyopokewa na Imran bin Husayn (R.A.) ya mateka wa Bani Uqayl. Mtu huyu alikuwa amefungwa, akamwita Mtume (S.A.W.) kwa jina lake. Mtume akamrudia na kumuuliza anataka nini. Walipokwisha kuzungumza akaondoka, yule mtu akaita tena, na Mtume akarudi tena. Safari hii alisema ana njaa na kiu, na haja yake ikakubaliwa. Mwenye kufanya kazi ya ulinzi na aitafakari hadithi hii. Aliyeitwa alikuwa mbora wa viumbe na kiongozi wa dola, na aliyeita alikuwa mateka asiyekuwa Muislamu. Hata hivyo alirudi kila alipoitwa.

Wanachuoni wametaja vilevile hadithi ya Bahz bin Hakim, iliyomo katika Sunan za Abu Dawud, Tirmidhi na Nasai, kwamba Mtume (S.A.W.) alimzuia mtu kwa tuhuma kisha akamwachia. Kutokana na hadithi hii mafaqihi wakapata dalili ya kumweka mtu mahabusu wakati jambo lake linachunguzwa. Vilevile wakapata dalili kwamba uchunguzi unapomalizika bila kosa, mtu aachiwe.

Jengo maalumu lilikuja katika ukhalifa wa Umar (R.A.). Bukhari ametaja kwamba Nafi' bin Abdilharith, aliyekuwa liwali wa Umar mjini Makka, alinunua nyumba ya Safwan bin Umayya ili iwe jela. Sayyidna Ali (R.A.) naye alijenga jela Kufa. Ya kwanza, iliyoitwa Nafi', ilikuwa ya matete na wafungwa wakatoroka. Akajenga ya pili ya udongo, ikaitwa Mukhayyis. Basi kuwepo kwa jela na mlinzi wake si uzushi ulioletwa na wageni. Wanachuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo tunayoifuata wengi wa pwani na bara ya Afrika Mashariki, wametaja hata ujira wa mlinzi wa jela, kwamba hutolewa katika Baitul-mali ikiwezekana. Kazi ambayo ujira wake unatoka Baitul-mali haiwezi kuwa haramu kwa asili yake.

Jibu la Imam Ahmad

Hata hivyo kuna kauli moja nzito ambayo kila anayeshika ufunguo anapaswa kuijua. Imam Ahmad bin Hanbal alifungwa katika mtihani ulioanza mwaka 218 Hijria (833), pale Khalifa al-Ma'mun alipowalazimisha wanachuoni waseme kwamba Qur-an imeumbwa. Imam alikataa, akafungwa kiasi cha miezi 28, na zama za al-Mu'tasim akapigwa mijeledi.

Imesimuliwa katika vitabu vya sifa zake kwamba mlinzi wa jela alimjia akamuuliza kuhusu hadithi zinazowataja madhalimu na wasaidizi wao, kama ni sahihi. Imam akasema ndiyo. Mlinzi akauliza ikiwa yeye ni miongoni mwa hao wasaidizi. Imam akamjibu kwamba wasaidizi ni wale wanaomnyoa nywele, wanaomfulia nguo, wanaomwandalia chakula na kufanya naye biashara. Ama yeye mlinzi, basi ni katika madhalimu wenyewe.

Wako wanaoichukua kauli hii na kumtupia kila askari. Hilo si sawa, kwani lazima tuangalie aliyeambiwa. Mlinzi yule alikuwa amemfungia mtu ambaye kosa lake lilikuwa kukataa kusema jambo la uongo kuhusu maneno ya Allah. Alijua anayemfungia ni nani na amefungwa kwa nini. Jela ile kwa Imam Ahmad ilikuwa ya dhulma tangu mlangoni. Kauli hii haiiharamishi kazi yote. Inavunja udhuru mmoja tu, udhuru wa mtu kusema kwamba yeye hakuhukumu, alifunga mlango tu. Imam alimfahamisha kwamba mkono unaofunga mlango nao utaulizwa.

Maana hii inaungwa mkono na hadithi iliyo katika Sahih Muslim inayowataja watu wa Motoni walio na mijeledi mfano wa mikia ya ng'ombe, wakiwapiga watu kwayo. Imam Nawawi katika sherehe yake amewafasiri kuwa ni vijana wa mkuu wa polisi. Katika kitabu hicho hicho imo habari ya Hisham bin Hakim (R.A.), aliyepita nchi ya Sham akakuta watu wamesimamishwa juani na kumiminiwa mafuta vichwani kwa sababu ya kodi. Aliwakumbusha aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.), kwamba Allah atawaadhibu wale wanaowaadhibu watu duniani. Kisha akamwendea amiri na kumsimulia, na amiri akaamuru watu wale waachiwe. Dhulma ile ilikoma kwa sababu mtu mmoja alikwenda kusema mahali panapostahiki, na mwenye mamlaka akasikia.

Abu Yusuf na chakula cha wafungwa

Imam Abu Hanifa alifariki mwaka 150 Hijria (767) mjini Baghdad, na kwa kauli iliyo mashuhuri alifia kifungoni kwa sababu alikataa ukadhi wa Khalifa al-Mansur. Mwanafunzi wake mkubwa, Abu Yusuf, baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Khalifa Harun al-Rashid, mjukuu wa al-Mansur huyo huyo. Khalifa alipomtaka amwandikie kitabu cha mambo ya kodi na uendeshaji wa dola, yaani Kitab al-Kharaj, Abu Yusuf aliingiza humo mlango wa wafungwa.

Mapendekezo yake yanashangaza kwa namna yalivyo ya kivitendo. Alimshauri Khalifa kwamba kila mfungwa asiye na mali apewe dirhamu 10 kwa mwezi, mkononi mwake, badala ya kupelekewa mkate, na sababu aliieleza waziwazi: mkate ukipelekwa, walinzi wa jela watauchukua. Akataka achaguliwe mtu mwema aandike majina ya wafungwa wote katika daftari, akae awaite mmoja mmoja na kumkabidhi kila mtu chake. Akapanga nguo za kipusa na za kiangazi, na kwa wanawake akaongeza ushungi. Akakataza wafungwa kutolewa na minyororo yao kwenda kuomba sadaka barabarani. Akasema mfungwa akifa na hana jamaa, akoshwe, akafiniwe kwa mali ya Baitul-mali, aswaliwe na kuzikwa. Akasema pia kwamba wafungwa huwa wengi kwa sababu mambo yao hayaangaliwi.

Katika mlango huo huo akaitaja barua ya Umar bin Abdulaziz kwa maliwali wake, kwamba Muislamu asifungwe minyororo kiasi cha kushindwa kuswali kwa kusimama, na asilale usiku na pingu isipokuwa mwenye kudaiwa damu.

Mwanafunzi aliyeona mwalimu wake akifia kifungoni hakuandika kwamba jela zivunjwe. Aliandika daftari, nguo, chakula na sanda. Alijua pia kwamba mahali pa kwanza pa dhulma katika jela ni mkono unaogawa mkate.

Taj al-Din al-Subki na wajibu wa mlinzi

Katika madhehebu yetu ya Shafi, aliyezungumza na mlinzi wa jela moja kwa moja ni Taj al-Din al-Subki, aliyefariki Damascus mwaka 771 Hijria (1370). Kitabu chake Mu'id al-Ni'am kinapitia watu wa kazi mbalimbali, zaidi ya mia moja, kuanzia sultani na kadhi mpaka wafanyakazi wa chini kabisa, na kumweleza kila mmoja namna ya kumshukuru Allah katika kazi yake. Shukrani anayoikusudia ni kuitekeleza kazi kwa haki. Subki mwenyewe alikuwa kadhi, na aliwahi kuondolewa ukadhi na kufungwa. Alizijua pande zote mbili za mlango.

Katika orodha hiyo mlinzi wa jela ana nafasi yake, na anaambiwa mambo mahsusi. Ni wajibu wake kuwafanyia upole waliofungwa. Asiwazuie swala ya Ijumaa isipokuwa kadhi akizuia kwa maslaha anayoyaona. Na akijua kwamba mtu amefungwa kwa dhulma, ni juu yake kumsaidia kwa kadiri ya uwezo wake, la sivyo atakuwa mshirika wa aliyemfunga.

Neno "kwa kadiri ya uwezo wake" tulizingatie. Subki hakumwambia mlinzi afungue mlango usiku amtoroshe mtu, kwani hiyo ni fujo, na kila mlinzi angejifanya kadhi. Wala hakumruhusu kukaa kimya. Amemwekea njia ya kati, ambayo ni kufanya lile lililo mkononi mwake kihalali.

Kwa upande wa kadhi, Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika darsa zetu mpaka leo, ameweka kwamba kadhi mpya akishika kazi aanze kwa kuwaangalia waliomo jela. Anayekiri haki aliyofungiwa hubakia. Anayedai amedhulumiwa, mshitaki wake hutakiwa alete hoja. Hilo ndilo jambo la kwanza, kabla ya mali za mayatima na mengineyo.

Minyororo chini ya Uluguru

Sasa tuje nyumbani. Lugha yetu yenyewe inasimulia historia. Neno "mahabusu" tumelipata katika Kiarabu, na asili yake ni kuzuia. Ibn al-Qayyim amefafanua kwamba habsi ya kisheria si kumbana mtu mahali padogo, bali ni kumzuia asifanye atakavyo, iwe nyumbani au msikitini. "Gereza" wataalamu wa lugha wamelirudisha kwenye neno la Kireno lenye maana ya kanisa, na ngome ya Kilwa Kisiwani inaitwa Gereza mpaka leo. "Jela" ni la Waingereza. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyojengwa na Wareno, Waingereza waliifanya jela tangu 1895 hadi 1958.

Morogoro ilikuwa na minyororo kabla ya Wazungu kuitawala. Mji wa Simbamwene, uliojengwa na Kisabengo na kuzungushiwa ukuta, ulikuwa kwenye njia ya misafara. Kisabengo alijulikana kwa kuvamia na kuteka watu. Stanley alipopita mwaka 1871 mji ulikuwa chini ya binti yake, na baadhi ya watu wa msafara waliorudi kumtafuta mpishi wake walikamatwa na kutiwa minyororo mjini humo kabla ya kuachiwa. Misafara iliyopita hapo nayo ilikuwa ikishuka pwani na watu waliofungwa shingoni, na baadhi ya wenye misafara hiyo walikuwa Waislamu. Hatuwezi kulificha hilo.

Wakaja Wajerumani. Katika mwaka 1907 reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro. Utawala wao ulisimama juu ya kiboko na mnyororo. Mpaka leo wazee wetu hulitaja neno "hamsa ishirini", yaani viboko 25, na picha za zama hizo zinaonyesha wafungwa wameunganishwa kwa mnyororo mmoja shingoni wakifanya kazi za serikali. Lakini ni nani aliyeshika kiboko? Afisa Mjerumani alitoa amri, na askari akapiga. Jeshi lile lilianza na askari wengi kutoka Sudan, na Waislamu walikuwa wengi ndani yake, hata maboma yao yakawa sehemu ambazo Uislamu ulienea. Basi tusijidanganye kwamba mateso yote yalikuwa ya Wazungu peke yao. Mara nyingi mkono ulioinua kiboko ulikuwa mkono uliotawadha asubuhi. Mtu yule hakuambiwa na mwalimu wake yaliyoandikwa na Subki, au aliambiwa na akaona hayamhusu kwa kuwa amri ni ya mwingine.

Waingereza waliuteka mji wa Morogoro mwezi Agosti 1916. Mwaka 1931 Magereza ya Tanganyika yalitenganishwa na Polisi, yakawa idara yake. Katika miaka hiyo ya 1930 Kingolwira ikawa shamba la wafungwa, gereza la kilimo lisilotegemea kuta ndefu, likiwapokea waliofungwa kwa mara ya kwanza. Wazo lake lilikuwa kumpa mfungwa kazi ya shamba na kumtenga na wahalifu waliokubuhu. Wazo hilo lilikuwa na kheri ndani yake, ingawa waliokuwa wakijaa katika jela za koloni hawakuwa wezi peke yao, bali walikuwemo pia watu walioshindwa kulipa kodi.

Milimani, mambo yalifika mbali zaidi. Kuanzia mwaka 1950 serikali ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Waluguru wakalazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito, na katika sehemu nyingi matuta yale yalifukua udongo usio na rutuba. Waliokaidi waliadhibiwa kwa sheria ndogo za utawala wa wenyeji. Mwezi Julai 1955 ghasia zikazuka Matombo, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Mpango ukaachwa. Fikiria hali ya mlinzi wa kifungo wa wakati ule, aliyekabidhiwa mkulima mwenzake ambaye kosa lake ni kutochimba tuta katika shamba la ukoo wake. Hapo ndipo mahali pa maneno ya Subki.

Mwaka huo huo wa 1955, mkutano wa Umoja wa Mataifa mjini Geneva ulipitisha kanuni za chini za kuwatendea wafungwa, ambazo mwaka 2015 zilirekebishwa na kuitwa Kanuni za Nelson Mandela. Zinataja daftari la majina, chakula, nguo, usafi na ibada. Aliyesoma Kitab al-Kharaj atayakuta mengi humo ni ya zamani kwake.

Baada ya uhuru, Tanzania ilitunga Sheria ya Magereza ya mwaka 1967. Mwaka 1984 haki za msingi ziliingizwa katika Katiba, na ibara ya 13 inakataza mtu kuteswa au kupewa adhabu zinazomdhalilisha. Kwa hiyo askari wa leo akikataa kumtesa mfungwa hamwasi mkubwa wake, bali anaitii sheria ya nchi pamoja na sheria ya Mola wake.

Jibu kwa kijana

Tukirudi kwa kijana wetu, jibu ni kwamba asili ya kazi yake ni halali, na mshahara wake ni halali, kwa sharti la kuitekeleza amana. Serikali kutokuwa ya Kiislamu hakuigeuzi hukumu hiyo. Nabii Yusuf (A.S.) alishika hazina za nchi chini ya mfalme asiyekuwa wa dini yake, na kabla ya hapo yeye mwenyewe alikuwa mfungwa. Kulinda watu na wauaji na wezi ni maslaha ambayo sharia inayataka. Lakini kazi ya halali huweza kujaa mambo ya haramu, na yafuatayo ayachunge.

Kwanza, chakula na vitu vya wafungwa. Anachokipunguza humo ni mali ya mtu asiyeweza kumfuata, na Siku ya Kiyama atamfuata. Kadhalika jasho la mfungwa: kazi anayoifanya kwa mujibu wa sheria ni moja, na kumpeleka akalime shamba la askari mwenyewe ni nyingine. Hiyo ya pili ni ghasbu. Na pesa anayoitaka kwa ndugu aliyekuja kumwona mfungwa ni rushwa, hata ikiitwa ya maji.

Pili, kipigo. Mwanamke aliyetajwa na Bukhari na Muslim aliingia Motoni kwa paka aliyemfungia bila ya kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Ikiwa hali ni hiyo kwa paka, seuze mwanadamu! Amri ya mkubwa haimuokoi, kwani hakuna utiifu kwa kiumbe katika kumuasi Muumba.

Tatu, ibada. Maji ya kutawadhia, nafasi ya kuswali, na Ijumaa inapowezekana bila ya kuhatarisha usalama. Asiyekuwa Muislamu naye asizuiwe ibada yake.

Nne, na hili ndilo linalosahaulika, ni karatasi. Kwa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, anayetaka kukata rufaa Mahakama Kuu kutoka mahakama za chini ana siku 10 za kutoa taarifa ya kusudio na siku 45 za kuwasilisha sababu zake, na aliyeko gerezani huzipitisha kwa mkuu wa gereza. Mfungwa hana miguu ya kwenda mahakamani. Miguu yake ni askari. Karatasi ikilala mezani kwa uvivu, muda ukipita, mtu huenda akakaa miaka kwa kosa asilolitenda. Kijana akitaka kujua maana ya kumsaidia aliyedhulumiwa kwa kadiri ya uwezo, aanze na karatasi hiyo. Vilevile jaji au hakimu anapokuja kukagua gereza, kama alivyoelekeza Nawawi kwa kadhi, asiwafiche wenye malalamiko. Na akumbuke kwamba mahabusu bado hajahukumiwa.

Wajibu wetu sisi

Haitakuwa insafu kumtwika askari mzigo wote. Qur-an katika Suratul-Insan, aya ya 8, imewasifu wanaomlisha maskini, yatima na mateka, na sifa hiyo haikuwekewa mipaka ya wenye sare. Mjini Morogoro tuna misikiti na madrasa nyingi, na tangu mwaka 2005 tuna Chuo Kikuu cha Waislamu. Maimamu na wanafunzi wanaweza kuomba ruhusa na kupanga zamu za darsa magerezani, si Ramadhani peke yake. Wenye kujua sheria wanaweza kuwasaidia wafungwa kuandika rufaa. Anayetoka apokewe msikitini kama Thumama alivyopokewa, asisimangwe.

Na askari wenyewe tuwasomeshe. Mlango wa kifungo usomwe katika darsa kwa namna inayomfikia mwenye ufunguo, maana yule askari wa zama za Wajerumani alikuwa Muislamu mwenzetu na hakuna aliyemsimamisha. Tusije tukaulizwa kwa nini tuliwafundisha vijana wetu namna ya kutawadha, tukanyamaza kuhusu mkono uliotawadhwa unakwenda kufanya nini.

Tunamuomba Allah (S.W.) awape waliofungwa kwa dhulma faraja, awape wenye makosa toba ya kweli, na awape wanaowalinda nyoyo za upole na uadilifu. Amin. Wallahu a'lam.